Attarwala Asiye na Pua

Haya nitakayowaambia hamtayaamini, wapwa zangu, na sitawalaumu. Nilimsimulia mke wangu, akaniuliza nimekunywa nini. Nilimsimulia kuhani wetu wa hekalu la moto, akakohoa na kutazama pembeni kama mtu aliyemwona paka akijisaidia. Nilimsimulia Ardeshir Daruwala, ambaye huamini kila kitu, hata utabiri wa hali ya hewa, naye akasema, "Soli, hapo umevuka mpaka." Ndipo nikaamua kuandika. Maneno ya mdomo huzurura, lakini ya karatasi hukaa kitako.

Kwanza niwaweke sawa kuhusu majina. Sisi Waparsi wa Navsari, huku India, tunabeba kazi za mababu zetu kama kobe abebavyo gamba. Babu wa babu aliuza kitu fulani, au alikitengeneza, au alisimama tu karibu nacho muda mrefu, basi karani mmoja mvivu akamwandika kwa kitu hicho, na kizazi chote kikafuata foleni. Ukisikia "wala" mwishoni mwa jina, jua huyo ni mwenye kitu kilichotajwa. Daruwala ni mwenye pombe. Huyu Ardeshir wetu Daruwala amezaliwa, amekua na ameota mvi katika jimbo ambako pombe ni marufuku. Kinywaji chake ni maziwa, tena ya uvuguvugu. Nariman Doctor anaziba pancha za baiskeli. Na mimi ni Vakil, yaani wakili. Shule niliiacha darasa la saba, au tuseme tuliachana kwa maelewano, lakini mdomo niliondoka nao.

Mtaani kwetu jina ni zamu. Mtu akiugua, kabla ya daktari wa kweli ataitwa Nariman. Atakuja na mikono yake ya grisi, amtazame mgonjwa, atikise kichwa, aondoke. Hapo ndipo familia inapata moyo wa kutafuta dawa. Mlango ukigoma, anaitwa mmoja wa akina Mistri, yaani seremala, hata kama anafundisha muziki. Pakiwa na ugomvi naitwa mimi. Na ugomvi ukikua baada ya mimi kufika, wakili halaumiwi kwa hilo; wateja ndio wabishi.

Sasa njoo kwa Edul Attarwala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, rafiki yangu tangu tukiwa tunakojoa kitandani. Attarwala ni mwenye marashi. Mungu alimtazama siku anazaliwa, akasema, "Huyu tumpe kifaa cha kazi," akampa pua ya kutosha kaya tatu. Pua ya Edul hutangulia barazani, watu wakaanza kusalimia, kisha Edul mwenyewe ndiye anafika. Mvua ikinyesha, mdomo wake haulowi. Lakini ndani ya pua ile, wapwa zangu, hamna kitu. Ni jumba kubwa lisilo na mpangaji. Alipata homa utotoni, akapona kila mahali isipokuwa hapo. Tangu siku hiyo hasikii harufu ya chochote, iwe maua, iwe moshi, iwe soksi za Nariman.

Kazi yake? Msimamizi wa mitaro ya maji machafu ya mji. Wenzake walidumu miezi michache, wakaomba kuhamishwa wakiwa rangi ya kijani. Edul akadumu miaka. Huinama juu ya shimo ambalo kunguru hulikwepa, akatoa kifungua kinywa chake, akala mayai pale pale, akifikiri. Wakubwa wakasema, "Mzalendo huyu!" Wakampa saa ya ukutani.

Mtaa haukujua. Siri tuliijua sisi wachache: Edul, mkewe Mehroo, binti yao Havovi, na mimi, ambaye ninajua kila kitu. Na kwa kuwa jina ni zamu, kila Navroz, mwaka mpya wetu, watu walimletea Edul vichupa vyao vya marashi avipime. Angeinua kichupa, angefumba macho, angeisogeza ile pua kama mtu anayeegesha lori, kisha angesema, "Kina kina." Basi. Muuzaji akiendelea kusimama, angeongeza, "Ila kinachelewa kufika." Watu waliondoka wakinong'ona kwamba hakuna fundi kama huyo toka hapa hadi Kanauj, mji wa marashi.

Nyumbani, mambo yalikuwa mengine. Maziwa yakichacha, Havovi alipiga kelele akiwa darini. Kitu kikiungua, Havovi. Panya akifa chini ya kabati, Havovi alitoka nje, akazunguka nyumba, akaonyesha kwa kidole ukutani: "Hapa, baba, na ni jike." Sikubuni. Ya jike labda nimeongeza kidogo.

Mtoto huyu ndiye aliyetuletea balaa, kwa kupenda. Alikwenda chuo cha ualimu Surat, akakutana na kijana mmoja, Kaizad Tijoriwala, mpole, mwenye masikio yaliyosimama, anayefanya kazi kwenye reli. Wakapendana. Vizuri. Lakini Kaizad hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na bibi yake, Bibi Dhunmai wa Bharuch, na sifa za bibi huyo zilitangulia treni.

Tijoriwala ni mwenye kasha la chuma, lile la kufungia dhahabu. Bibi Dhunmai aliamini kwamba jina ni kiapo: ukiitwa kitu, uwe unakiweza, usipokiweza, wewe ni mwizi wa jina. Alishavunja uchumba mmoja kwa sababu baba wa msichana, Ghadiali, mtu wa saa, alikuwa na saa ukutani iliyochelewa. Akavunja mwingine kwa sababu Bwana Mistri alipigilia msumari ukapinda. Kaizad alikuwa anakaribia kuzeeka.

Akaja kutuambia, masikio yamelala. "Bibi anakuja Jumapili. Akiridhika, anampa Havovi sarafu ya fedha hapo hapo, uchumba umefungwa. Asiporidhika..." Hakumalizia. Havovi alimalizia kwa kulia.

"Atanipima nini?" Edul akauliza.

"Marashi, baba. Ana vichupa. Anavinunua tangu nimemtajia jina lenu."

Edul aliketi chini. Hakukuwa na kiti, lakini aliketi. "Mehroo," akamwambia mkewe, "binti yetu ataozwa na pua ya nani?"

Hapo nikasimama mimi. "Na yangu," nikasema. Sipendi kujisifu, lakini pua yangu mbwa wa polisi angeiomba kwa mkopo. Nikapanga mpango kichwani papo hapo. Bibi atakaa kwenye bembea ya sebuleni, maana kila mgeni wa heshima hukaa hapo. Edul atamkabili. Mimi nitakaa nyuma ya bibi, kwenye sanduku la blanketi. Kichupa kikifunguliwa nitanusa, kisha nitatoa ishara. Nikishika sikio, ni waridi. Shingo, asmini. Kidevu, sandali. Kichwa, mkadi.

"Na kama nikisahau?" akauliza Edul.

"Utasahauje? Una viungo vinne tu vya kukumbuka."

"Soli, we unajikuna kila saa."

"Jumapili sitajikuna."

Tukafanya mazoezi siku zote zilizobaki. Mke wangu alipoona nashika sikio mbele ya dirisha na Edul ng'ambo anapiga kelele "Waridi!", alifunga mapazia.

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo sufuria inapoingia. Jumapili kwetu ni siku ya dhansak: dengu za kupondwa, nyama ya mbuzi, viungo ambavyo hata nikiwatajia hamtavipata, juu ya wali wa kahawia. Ukila unalala hadi jioni. Hata mwizi wa Kiparsi hafanyi kazi Jumapili mchana. Lakini dhansak ina upande wa pili. Ndicho chakula cha siku ya nne baada ya msiba, wafiwa wanaporudi kula nyama. Kwa hiyo kwenye jambo la heri, harusi, uchumba, kumvisha mtoto kamba ya dini, dhansak haisogei hata jikoni. Ukiipika siku ya uchumba ni sawa na kumkaribisha bibi harusi kwa jeneza. Siku ya heri ni samaki, ni tambi tamu na mtindi.

Mehroo alijua hayo, akaandaa mchuzi wa samaki tangu usiku, ukawa kwenye sufuria yenye mfuniko, ukisubiri samaki wabichi wa asubuhi. Sasa, gesi yangu mimi ilikwisha asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeshapika dhansak yangu, na dhansak yangu, sisemi mimi, wanasema watu, hufufua. Nikaipeleka kwa Mehroo. "Iweke tu pembeni, shemeji, wageni wakiondoka nipashie." Akaipokea kwa vidole viwili kama mtoto wa nyoka, akaiweka chini kabisa, kwenye kona. Sufuria mbili, mifuniko miwili. Mnaanza kuona?

Muuza samaki akachelewa. Mehroo akavaa viatu, akatoka mbio kumfuata sokoni. Mlangoni Havovi alikuwa anachora maua ya chokaa kizingitini, na shada la asmini limeshatundikwa juu. Mehroo akapiga kelele akiwa barabarani: "Edul! Bandika ile sufuria ya mchuzi, moto mdogo!"

Edul akabandika sufuria. Akafunua, akakoroga. Kitu cha rangi ya mchuzi, kizito kama mchuzi. Mtu yeyote mwenye tundu moja la pua angejua. Yeye akafunika, akarudi sebuleni, akajifuta jasho.

Wageni wakafika na gari la farasi toka stesheni. Bibi Dhunmai alikuwa mwanamke mpana, mfupi, ametulia kama kasha lenyewe, na mdomo umefungwa kwa funguo. Alivuka maua ya chokaa kwa mguu wa kulia, akatazama sebule. Kulikuwa na kabati la Mehroo ambalo ufunguo wake ulipotea enzi za mama mkwe. Bibi akalitazama, akachomoa kibanio kwenye nywele zake, akainama, *tak*, mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na birika. "Mimi naitwa Tijoriwala," akasema. "Na wewe?"

"Attarwala, bibi," Edul akajibu, kama anakiri kosa mahakamani.

"Tutaona." Akamtazama Havovi toka kichwani hadi vidoleni. "Msichana mzuri. Mwembamba. Kaa hapo, mwanangu." Kisha akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Jirani. Vakil," nikasema. "Nimekuja kushuhudia."

"Anakaa kwenye blanketi?"

"Ndo kawaida yake, bibi," akasema Havovi, macho chini.

Bibi akapanda bembea, na bembea ikalalamika. Sasa mpango wangu ulikuwa kamili isipokuwa jambo moja: bembea hubembea. Bibi alipokwenda mbele kwa Edul, mgongo wake ulinifunika wote, sanduku na mimi. Aliporudi nyuma, karibu kunivunja magoti, ndipo Edul aliponiona juu ya kichwa chake. Kwa hiyo nilionekana kama jua siku ya mawingu.

Akatoa kichupa cha kwanza, akafungua. Harufu ikanifikia. Waridi, la wazi. Nikashika sikio. Bembea mbele: Edul hanioni. Anafumba macho. Bembea nyuma: anafumbua, bado nimeshika sikio, sikio limeanza kuuma.

"Waridi, bibi," akasema Edul.

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. "Hana papara. Wengine hutaja kabla sijang'oa kizibo."

Kichupa cha pili, sandali. Nikataka kushika kidevu. Wakati ule ule mbu, mbu wa Navsari, si hao wenu, akatua shingoni. Nikampiga. Nikakumbuka, nikashuka kidevuni. Bembea ikanifunua, ikanifunika, ikanifunua. Edul aliona shingo, akaona kidevu, uso ukamkunjamana.

"Hii ni sandali," akasema, "lakini... imelala na asmini."

Bibi akasimamisha bembea kwa mguu. "Nani amekuambia?"

Nikaanza kuaga dunia.

"Kichupa hiki," bibi akasema, akimgeukia mjukuu wake, "kilikaa sanduku moja na asmini yangu toka masika! Kaizad! Huyu bwana anasikia hata majirani wa marashi!" Masikio ya Kaizad yakasimama wima. Havovi akauma ushungi wake asicheke. Nami, kwa uungwana, sikumwambia mtu kwamba ni kazi yangu na ya mbu.

Kichupa cha tatu. Akafungua. Nikavuta pumzi. Hakuna. Nikavuta tena hadi vifungo vya shati vikasogea. Hakuna kitu. Nikabaki nimekaa, mikono magotini, kama sanamu ya mbele ya benki. Edul akanitazama. Bembea nyuma, nipo. Bembea mbele, sipo. Bembea nyuma, nipo vile vile. Jasho likaanza safari yake ndefu kwenye ile pua, toka juu mpaka nchani. Hatimaye akachoka, akasema kweli yake ya kwanza tangu utotoni:

"Bibi, mimi sisikii kitu."

Bibi akamimina kichupa kwenye kiganja, akanywa. "Maji," akasema. "Ya kisima chetu. Natembea nayo miaka yote. Watu wenye pua zao nzuri wameninusia waridi humu, wamenusia udi, mmoja Surat alinusia mvua ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuniambia hamna kitu." Mkono wake ukaingia kifuani, pale wanawake wa umri wake wanapoweka vitu vya maana, na nikaona, juu ya bega lake, sarafu ya fedha ikimeta katikati ya vidole.

Hapo ndipo dhansak yangu ilipochemka.

Wapwa zangu, ilikuja kwanza polepole, kitunguu cha kukaangwa. Kisha bizari. Kisha mbuzi mwenyewe akaingia sebuleni kwa kwato zake. Ilikuwa dhansak nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na ndiyo iliyokuwa inatuua. Havovi akageuka mweupe. Kaizad akashika ukuta. Bembea ikasimama. Sarafu ikarudi kifuani.

"Edulji," bibi akasema taratibu sana, akimwongezea "ji" ya heshima, "na hii?"

"Ipi, bibi?"

"Hii. Iliyojaa chumba. Hii ni nini?"

Edul akanitafuta. Na mimi, kwa huzuni, nilikuwa nimejishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefiwa. Uso wake ukang'aa. Alikumbuka! Kichwa!

"Mkadi, bibi," akasema kwa furaha. "Tena mkadi mwingi! Nyumba yetu huwa hivi siku za heri."

"Nani," akauliza bibi, akishuka kwenye bembea, "nani amekufa katika nyumba hii?"

"Hakuna, bibi!" nikasema.

"Bado," akasema Havovi, akinitazama mimi.

Mlango ukafunguka, Mehroo akaingia na samaki wawili wakubwa mkononi, akavuta pumzi moja, akapiga yowe ambalo Nariman alilisikia akaja na grisi yake akidhani kuna mgonjwa. "Edul! Umebandika ya Soli!"

"Kwani mkadi una kosa gani?" Edul bado anauliza, maskini.

Nikaona wakati wa wakili umefika. Nikasimama juu ya sanduku. "Bibi mheshimiwa," nikasema, "sheria inatambua makosa ya aina tatu..."

"Shuka," akasema bibi. Nikashuka.

Edul akatazama mmoja baada ya mwingine. Akaelewa. Akavua kofia yake. "Bibi, nisikilize. Mimi sina pua. Hii unayoiona ni ukuta tu. Sijasikia harufu tangu mtoto, nimewadanganya watu wa mtaa huu maisha yangu yote, na leo nimekudanganya wewe, kwa sikio la Soli na kidevu chake. Nafanya kazi mitaroni. Kama kuna wizi wa jina, mwizi ni mimi, si binti yangu. Usimhukumu yeye."

Nariman mlangoni akadondosha kopo la grisi. Miaka yote alikuwa anamletea marashi yake.

"Attarwala asiye na pua," bibi akasema. "Nimeishi kuyaona. Kaizad, chukua vichupa."

Kaizad hakusogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutosogea, nadhani, maana alitetemeka kwa ugeni wa jambo lenyewe. Lakini aliyesema ni Havovi. Alifuta machozi kwa ushungi, akavuta hewa mara moja, fupi, kama anayefungua kitabu.

"Bibi, hii ni dhansak ya mjomba Soli. Dengu za aina tatu, ya nne hakuwa nayo. Mbuzi ni wa jana. Ukwaju amezidisha. Na chini imeanza kushika, mama, kaepue." Mehroo akakimbia. "Kwenye ushungi wako kuna sandali na nondo, yaani dawa ya nondo. Kwenye mkoba wako una karanga za kukaanga za stesheni, umezifunga kwenye gazeti bichi. Na bibi, samahani sana, upande wa kushoto una jino linakuuma. Umeweka karafuu."

Bibi akashika shavu. Polepole akafungua mkoba wake, akatazama ndani. Karanga. Gazeti.

"La juu au la chini?" akauliza.

Havovi akasogea karibu. "La chini."

Bibi Dhunmai akakaa tena kwenye bembea, na mara hii bembea haikuthubutu kulalamika. "Basi jina halikupotea," akasema. "Limemruka baba, likamtua mtoto. Kwetu pia lilimruka mume wangu. Mungu amrehemu, mtu yule alishindwa hata kufungua kopo la samli. Nimemfungulia milango maisha yake yote, na jina lilikuwa lake." Akamtazama Edul. "Na wewe uliniambia maji ni maji. Haya. Nampenda msichana."

Sote tukapumua. Nikashangilia. Lakini bibi akainua kidole.

"Ila uchumba haufungwi chini ya harufu hiyo. Sarafu sitoi. Mtoto wangu hawezi kuchumbia juu ya chakula cha msiba."

"Tutaimwaga, bibi!" Mehroo akalia toka jikoni.

"Mmwage nini?" bibi akang'aka. "Dhansak? Jumapili?" Na hapo tumbo lake likanguruma, mngurumo wa treni ya mizigo, maana walikuwa wametoka Bharuch alfajiri na samaki wa Mehroo walikuwa bado wanatutazama kwa macho. Akafikiri. Akauliza, "Sarafu nimeitoa?"

"Hujaitoa, bibi," akasema Kaizad.

"Ilionekana tu?"

"Mimi sikuona kitu," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile aliniangalia kwa heshima.

"Basi uchumba haujaanza. Futeni chokaa. Shusheni shada. Leo ni Jumapili ya kawaida na mimi nimekuja kula kwa watu."

Mliwahi kuona kitu kama hicho? Havovi alipiga magoti kwenye kizingiti, akayafuta maua yake mwenyewe kwa tambara, anacheka na kulia pamoja. Kaizad akapanda kiti, akashusha shada la asmini, akalificha chini ya kitanda. Trei ya fedha yenye mrashi na sukari ikafunikwa taulo. Nyumba ikawa ya kawaida, haina heri, haina shari. Tukala. Tukalala, kila mtu pale alipoangukia. Nariman alilala mlangoni na Edul alilala ameketi, pua ikipiga filimbi.

Jioni bibi akaamka, akapiga makofi. Madirisha yakafunguliwa, udi ukafukizwa hadi njiwa wa jirani wakahama. Chokaa ikachorwa upya, shada likapanda. Bibi na Kaizad wakatoka nje, wakatembea hadi kwenye kona ya barabara, wakageuka, wakaja kama watu waliofika sasa hivi toka Bharuch. Mehroo akawapokea mlangoni kana kwamba hawajuani: "Karibuni, karibuni, safari ilikuwaje?" "Ndefu," bibi akajibu, "tena nina usingizi sijui kwa nini." Akaingia kwa mguu wa kulia, akamwita Havovi, akamwekea sarafu kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Kisha tukala samaki. Edul alilia ndani ya mchuzi, na mchuzi ulikuwa umepungukiwa chumvi, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Mtaa nao? Mtaa ulipojua hana pua, ulikaa na hasira siku mbili. Navroz iliyofuata wakamletea vichupa kama kawaida. Zamu ni zamu. Sasa anavinusa yeye, kisha anampa Havovi, naye ndiye anasema. Nariman tu ndiye aliyegoma. Anataka bado ile "Kina kina" yake ya zamani.

Lakini mbona nimeruka mambo ya kula? Nayaandika haya barazani kwa Edul, nikijisomea kwa sauti kama kawaida yangu, yeye yuko ndani anachemsha chai, basi niwahi kusema lililo kweli: heshima ya siku ile ilikuwa ya sufuria yangu. Bibi Dhunmai alikula sahani ya kwanza kimya. Akala ya pili amefumba macho. Ya tatu akavua bangili. Alipofika ya saba, machozi yanamtiririka, akapangusa sufuria kwa kidole, akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema, "Soli, mwanangu, nimekula kwa majaji na kwa wafalme wadogo, lakini kama ningekuwa msichana wa miaka ishirini, ningekunyang'anya kwa mkeo na kukupeleka Bharuch juu ya mabega ya—"

"We Soli! Sahani saba? Toa hiyo karatasi nione. Alikula nusu sahani bwana, akauliza nani kamwaga ukwaju wote huu, na nusu iliyobaki akampa—"

"Edul, subiri, sijafika mwi—"